Wapenda muziki wa Arusha na Moshi: albamu ya mwisho uliyotoa hela yako ni ipi?

Sindano_Kaloleni

Wakuu salaam. Kila siku tunabishana hapa nani mkali kuliko nani, ila ukimuuliza mbishi hela yake ya mwisho kwenye muziki ilienda wapi anaanza kuangalia pembeni. Uzi huu ni wa waliotoa hela. Santuri, kanda, CD, faili la kulipia, vyote ruksa. Sema umenunua nini, umeipata wapi, iko katika hali gani, na bei kama huoni noma kuitaja.

Naanza. Nimetoka Posta pale Mnara wa Saa na bahasha yenye CD ya X Plastaz, Maasai Hip Hop. Ya mwaka 2004, lebo ya Out Here ya Ujerumani. CD ya kiwandani kabisa na kijitabu chake hakina hata kona iliyokunjika. Nimeagiza kwa muuza mitumba wa hukohuko Ujerumani. Bei ya CD ilikuwa ndogo, usafiri ndio umenikausha, jumla imefika elfu 48.

Kinachoniuma ni hiki. Hawa ni machalii wa Chuga. Walianza 1996 hapahapa, mistari ya Kiswahili, halafu Yamat ole Meipuko anaingia na sauti ya Kimaasai juu ya biti mpaka nywele zinasimama. Nimeuliza Soko Kuu, nimeuliza Kilombero, nimeuliza Stendi Ndogo kwenye kila kibanda chenye CD za vumbi, hakuna. Albamu ya Arusha imebidi ipande ndege kutoka Ulaya ndiyo niishike mkononi.

Noah_Nyeusi

Picha mkuu. Uzi bila picha ni umbea.

Sindano_Kaloleni

Picha ipo hapo juu, bando lako ndilo limegoma.

Noah_Nyeusi

Aisee imefunguka. Hiyo mali. Faza Nelly wao apumzike, tangu alipofariki 2006 sijamsikia mtu wa kumrithi kwa namna ile.

Flashi_32

Wakuu msinichukie. Mie kwa buku tano nimeingiziwa nyimbo mia nne kwenye flashi pale Mbauda, bongo, amapiano, reggae, na kijana kaniongezea za kundi la Weusi zote alizonazo. Mwenzangu ananunua CD moja elfu 48. Hiyo si hela ya mfuko wa unga wa kilo 25 hiyo?

BintiNgarenaro

Flashi, soma kichwa cha uzi. Wewe umenunua jasho la kijana wa kibanda. Joh Makini na G-Nako hapo wamepata nini?

Flashi_32

Wamepata jina dada. Wakija kupiga shoo Sheikh Amri Abeid nalipa kiingilio changu mlangoni, sijawahi kuruka ukuta.

BintiNgarenaro

Haya, kiingilio tutakihesabu siku ya shoo. Leo tunahesabu albamu.

Ya kwangu ni Sounds of Sisso. Mkusanyiko wa singeli wa 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Nimenunua faili pale Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, kwa sababu sahani ya kuchezea santuri sina na sitanunua karibuni. Ukishalipa unashusha faili lenye ubora kamili, si zile MP3 zilizopita kwenye simu kumi zikabaki na kelele tupu. Mapigo yanapita 200 kwa dakika. Mama kaingia chumbani kauliza kama mashine ya kusaga ya jirani imeharibika.

Kilichonivuta kulipa ni mgawanyo wenyewe. Kwenye faili Bandcamp wanakata asilimia 15, sehemu kubwa ya kinachobaki inakwenda kwa lebo au msanii. Na tangu Machi 2020 wana Ijumaa zao maalumu ambazo hawakati fungu lao kabisa. Mimi huwa nakusanya ninavyovitaka kwenye orodha, Ijumaa hiyo ikifika nalipia vyote kwa mkupuo.

Mgeni_Njiro

Samahani dada, unalipaje kutoka huku? Mie kila nikijaribu inaniomba kadi, na kadi yangu ya benki inakataa malipo ya nje.

BintiNgarenaro

Tengeneza kadi ya mtandaoni ndani ya menyu ya M-Pesa. Unaiwekea kiasi cha kununulia tu na chenji kidogo ya tofauti ya dola, unalipa, basi. Usiache hela imelala humo.

Meku_45

Vijana hamjambo. Niko Moshi, Majengo. Napita tu lakini huyu Sindano kanigusa.

Sindano_Kaloleni

Shikamoo mzee wangu. Karibu, vuta kiti.

Meku_45

Marahaba baba.

Hilo la kununua cha nyumbani ughaibuni halikuanza na hao watoto wa X Plastaz. Ni la tangu enzi za santuri. Bendi zetu zilikuwa zinarekodi Radio Tanzania, mkanda unapigwa hewani, nchi nzima inaucheza, kisha unarudi kwenye rafu ya redio. Ukitaka santuri yenyewe, hiyo ya kuweka nyumbani, bendi ilipaswa kupanda basi kwenda Nairobi. Huko ndiko kulikuwa na makampuni, studio na mitambo ya kupiga chapa. Mbaraka Mwinshehe alikuwa wa Morogoro, bendi yake ya Morogoro Jazz ilifika mpaka Osaka kwenye maonyesho ya dunia ya 1970, lakini santuri zake ukizigeuza zimeandikwa Polydor, Kenya.

Sasa nyinyi wa Arusha mna kisa chenu na hamkijui. Wilson na George Peter Kinyonga, ndugu wa Tanga, walikuwa Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 wakahamia Arusha, wakaungana na ndugu yao William wakaanzisha Arusha Jazz. Hapo mjini kwenu. Mwaka uliofuata wakavuka Namanga kwenda Nairobi, na bendi ikawa Simba Wanyika. Hao hao mnaowaita Wakenya kila wakipigwa kwenye harusi. Mwaka 1978 wapiga vyombo wakajitoa wakaunda Les Wanyika, wakatoa Sina Makosa, na baadaye zikazaliwa Wanyika nyingine sijui ngapi, kila moja na gitaa la besi linalotembea vilevile. Ukiwafuata wote nyuma unawakuta wamepita Arusha.

Nilichonunua mie ni CD ya Pepea ya Simba Wanyika, ya 1992, imetolewa Uholanzi. Kijana wangu anasoma huko, nikamwagiza asiniletee viatu wala koti, aniletee hiyo. Kaipata duka la mitumba. Hayo magitaa matatu yanavyoongea pale, moja linauliza, la pili linajibu, la tatu linacheka, sijasikia bendi ya sasa inayofanya hivyo.

Noah_Nyeusi

Arusha Jazz??? Mie mzaliwa wa Kaloleni, sijawahi kusikia hili jina.

Sindano_Kaloleni

Mzee Meku, nimesimama kukupigia saluti. Nilikuwa najua Simba Wanyika wana asili ya Tanga, hiyo ya Arusha ilinipita kabisa.

Kanda_Mbili

Mzee ameeleza vizuri ila asiweke kosa lote kwenye mashine za Nairobi. Zama za kaseti mambo yalikuwa tofauti, muziki ulikuwa unauzwa hapahapa na watu walinunua kweli. Nenda 2001, Professor Jay na Machozi Jasho na Damu. Juma Nature na Nini Chanzo mwaka huohuo. Kabla yao Mr II alikuwa anashusha albamu karibu kila mwaka, Ndani ya Bongo 1996, Niite Mr. II 1998, Nje ya Bongo 1999, Millenia 2000. Kila daladala, kila saluni. Shida ilikuwa kwamba wasambazaji wa Kariakoo walikuwa wananunua masta, yaani rekodi ya asili, kwa mkupuo, msanii anapewa chake anasaini, kanda zinazouzwa baada ya hapo yeye hahesabu. Ndiyo maana wengi wameishia na heshima tu.

Naleta ununuzi wangu. Sanawari kuna mama alikuwa anafunga kibanda chake cha vinyozi, nikachukua boksi la kanda zote. Ndani kuna Machozi Jasho na Damu yenye kava lake, Ni Mimi ya Mr II ya 1995 isiyo na kava, Lady Jaydee Machozi, na kwaya nyingi. Nyingine vijino vya juu vilishazibwa na selotepu, maana yake mtu karekodi juu yake. Nimeweka moja iliyoandikwa Marijani Rajabu kwa kalamu ya bluu, dakika tano za kwanza ni Marijani kweli, halafu ghafla mhubiri anaingia na kuwafukuza pepo mpaka mwisho wa upande.

BintiNgarenaro

Hahahaa. Hiyo ya mahubiri usiitupe, nayo ni kumbukumbu.

Mama_Alto

Mkishamaliza kucheka niambieni huyo mhubiri ni nani, sauti naweza kuijua.

Mgeni_Njiro

Kanda_Mbili, ukiziweka hizo kanda zinacheza kweli? Mie yangu zinatoa sauti ya mtu aliyefunikwa blanketi.

Kanda_Mbili

Nyingi zinacheza. Kwanza safisha vichwa vya deki kwa pamba na spiriti, hapo nusu ya blanketi inaondoka. Pili angalia kile kisponji kidogo kilicho katikati ya kanda, chenye kibati nyuma. Kikidondoka utepe hauugusi kichwa vizuri na sauti nyembamba zote zinapotea. Unatoa kisponji kwenye kanda isiyo na thamani unakihamishia. Zile zilizobana, zungusha kwanza kwa kalamu ya Bic mpaka mwisho na kurudi, ndipo uweke kwenye deki. Kanda yenye ukungu mweupe usiichezeshe kabisa, utaambukiza deki na kanda zote zinazofuata.

Na mkanda wa mpira wa deki ukilegea sauti inayumba, watu wanadhani kanda imeharibika kumbe ni mpira wa bei ndogo kwa fundi yeyote.

Noah_Nyeusi

Nami niseme ya kwangu kabla uzi haujajaa mafundi. Mie ni dereva, Arusha Moshi, gari imekuja na redio yake ya Japani. Wenye magari ya mitumba mnajua, masafa yanaanzia 76 yanaishia 90, kwa hiyo stesheni zilizo juu ya hapo sizipati mpaka ufunge kifaa cha kushusha masafa. Sikufunga. Nikaona tundu la CD lipo na linafanya kazi, kwa nini nihangaike.

Tangu hapo nanunua CD. Ya mwisho ni Lucky Dube, Prisoner, ya 1989, halisi. Abiria akipanda Arusha analalamika kwa nini hakuna taarifa ya habari, tukifika Usa River kanyamaza, tukifika KIA anaimba. Menyu yote ni Kijapani, nimekariri vitufe kwa kupapasa. Kuna na tundu la pili la vile vidisiki vidogo vya Kijapani, hilo limebaki la kuhifadhia risiti.

Flashi_32

Kaka si ungechomeka flashi?

Noah_Nyeusi

Redio ya 2003 hiyo chalii, tundu la flashi litoke wapi?

Sindano_Kaloleni

Noah, umejuaje kuwa ni halisi? Kuna jamaa kaniuzia Bob Marley "halisi" Stendi, kava limetolewa fotokopi.

Noah_Nyeusi

Geuza chini uangalie kwenye mwanga. Ya kiwandani inang'aa fedha. Iliyochomwa kwenye kompyuta ina rangi ya kijani au bluu kwa mbali. Pia ya kiwandani ina namba zimechongwa karibu na tundu la katikati. Kwa za hapa nchini zilizotoka baada ya 2013 angalia na stempu ya ushuru ya TRA kwenye kasha, ingawa stempu peke yake isikutoshe.

Mama_Alto

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mmesahau kundi linalonunua albamu kuliko ninyi wote, nalo ni waumini.

Usharika wetu umezindua albamu ya kwaya juzijuzi. Mgeni rasmi, keki, maturubai, MC aliyeongea kuliko mchungaji. Nakala ya kwanza ikapigwa mnada. Mgeni rasmi akaichukua kwa laki tano, na kwa jinsi ninavyomfahamu nyumbani kwake hakuna chombo cha kuichezea. Nakala ya pili laki tatu. Kisha jumuiya moja moja ikaitwa mbele na bahasha yake. Sisi wengine tukanunua kwa elfu 20 mlangoni. Kwa siku ile moja gharama ya studio na video ilirudi yote na kinanda kipya kikaagizwa.

Semeni mtakavyo, lakini hakuna msanii wa bongo fleva anayeuza nakala kwa laki tano. Na hatukuhitaji msambazaji. Watu wananunua kwa sababu binti yao yumo kwenye sauti ya kwanza.

Kanda_Mbili

Mama Alto umepiga pale pale. Albamu inauzwa na watu wanaokufahamu.

Mama_Alto

Na mjue tulichouziwa si CD. Ni flashi yenye nembo ya kwaya imechapwa kwa rangi ya zambarau.

Flashi_32

ENHEEE! Nilisema mimi! Flashi imeingia mpaka kanisani!

BintiNgarenaro

Ya kwao imelipiwa kwa wenye nyimbo. Tofauti hiyo hapo, iangalie vizuri.

Flashi_32

Sawa dada, lakini niulize swali la kweli sasa, si utani. Mie nalipia Spotify kila mwezi tangu walipokuja Tanzania 2021. Nasikiliza The God Son ya Marioo, nasikiliza Only One King ya Kiba, Afro East ya Harmonize, kila kitu. Huko msanii analipwa kihalali. Kwenu hiyo siyo kununua?

Sindano_Kaloleni

Hiyo ni kupanga nyumba. Kodi halali kabisa, wala sikudharau. Ila siku ukiacha kulipa, unatoka na begi la nguo tu. Na lebo ikigombana na mtandao, albamu inatoweka usiku na hukuulizwa.

Mgeni_Njiro

Na Maasai Hip Hop ya Sindano itaendelea kucheza.

Flashi_32

Mpaka CD pleya ife. Mnazinunua wapi hizo siku hizi?

Sindano_Kaloleni

Swali zuri, nitakujibu. Kwanza nimalizie la Mzee Meku maana usiku sikulala, nimekaa napekua.

Nimejaribu kuorodhesha albamu za dansi la Tanzania ambazo mtu anaweza kuzipata leo kama CD au santuri mpya. Remmy Ongala na Super Matimila, Songs for the Poor Man, 1989, Real World ya Uingereza, na Mambo ya 1992, hukohuko. Mlimani Park, Sungi, 1994, Ujerumani. Mlimani Park tena, Sikinde, lebo ya Africassette ya Detroit, Marekani. Salum Abdallah na Cuban Marimba, nyimbo za 1955 hadi 1965, lebo ya Dizim, Ujerumani tena. Vijana Jazz, nyimbo za 1975 hadi 1980, wameitoa Sterns wa London mwaka 2011. Mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique, Ufaransa, namba tatu yote ni bendi zetu za miaka ya sitini. Hapo bado sijagusa Hukwe Zawose. Nchi nzima tumecheza hizi nyimbo na anwani za kuagizia ni Ulaya na Marekani tupu.

Flashi_32

Kwa hiyo wazungu wanatuuzia muziki wetu wenyewe. Halafu mnanikasirikia mimi wa buku tano.

Meku_45

Mwanangu, hapo una hoja na nusu. Nusu nyingine nikupe. Nilipofungua kile kijitabu cha Zanzibara namba tatu nilikuta majina ya wapiga gitaa ambao nimewacheza ujana wangu wote sikujua wanaitwaje. Nani alipuliza, nani aliimba, bendi ilikuwa ya nani. Kwenye flashi yako wimbo unaitwa "Track 07". Mzungu ameuza, ndiyo, ila amekaa chini akauliza wazee kabla hawajafa. Sisi tulikuwa nao hapa na hatukuuliza.

Na hela ya hakimiliki inamfikia nani, hilo ndilo la kuwabana COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999. Warithi wa hawa wanamuziki wako Morogoro, Tanga, Ilala, wengine hawajui kama baba yao ana CD Ulaya.

Kanda_Mbili

Mzee, na mpaka wa Kenya ulipofungwa 1977, santuri za Nairobi mlizipataje?

Meku_45

Hahaha. Wewe unataka nifungwe uzeeni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka ukakaa umefungwa hadi 1983. Lakini mlima hauna geti. Njia za Tarakea na Holili zilijulikana, na miaka ile ya kukosa sabuni watu walipita na sabuni, mafuta ya kupikia, na chini ya katoni pakiwa na nafasi mtu anaweka santuri mbili tatu. Sabuni inauzwa, santuri inabaki nyumbani. Mie ninayo Les Wanyika moja mpaka leo kava lake lina duara la mafuta.

Noah_Nyeusi

Mzee wewe unatakiwa urekodiwe.

Mgeni_Njiro

Naomba msaada wa kitaalamu. Babu wa mke wangu ameacha gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri nzito nyeusi, zinaandikwa 78. Mke anataka kuzisafisha kwa spiriti ili tuzicheze kwenye sahani ya kisasa niliyonunua. Nimruhusu?

Meku_45

MZUIE SASA HIVI. Za 78 ni ganda la lakiri, spiriti inalila. Kitambaa laini kilicholowa maji kidogo tu, futa kufuata mfereji, kausha papo hapo, na usiguse lebo ya katikati. Zikianguka zinapasuka kama sahani ya udongo, usizipange kwa kulaza nyingi.

Halafu angalia sahani yako ina kasi ya 78 au inaishia 45. Hata ikiwa nayo, sindano ya LP ni nyembamba mno kwa mfereji wa 78, inaelea chini na kuzomea. Inatakiwa sindano yake. Za plastiki, LP na zile ndogo za 45, hizo osha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, simamisha zikauke. Zihifadhi zimesimama, mbali na dirisha. Jua la Moshi la saa nane limenipindia santuri nzima ya Franco.

Mgeni_Njiro

Nimekimbia jikoni nikamkuta ameshafungua chupa. Mungu akubariki mzee.

Sindano_Kaloleni

Mgeni soma lebo zake utuambie. Ukikuta Siti binti Saad pale usipige kelele, nitumie ujumbe pembeni. Yule bibi alirekodi Bombay tangu 1928, zile santuri zilisambaa pwani yote na baadhi zilipanda na reli.

Mgeni_Njiro

Mbili zina picha ya mbwa na spika. Maandishi mengine ni ya Kiarabu, nitampelekea shekhe wa jirani asome.

Sindano_Kaloleni

Moyo wangu.

BintiNgarenaro

Wale wa Desemba hamjasema. Kiborloni kwenye mitumba kuna jamaa ana rundo la LP zilizokuja ndani ya marobota ya Ulaya, nyingi ni muziki wa marching na opera, lakini mwezi wa kumi na mbili ukikaribia anatoa Boney M., Christmas Album ya 1981, na Jim Reeves, Twelve Songs of Christmas. Anazificha mwaka mzima. Wachaga wakishuka kutoka Dar kwa ajili ya sikukuu anauza kwa bei anayotaka.

Meku_45

Jim Reeves bila nyama ya mbuzi hainogi, kwa hiyo bei yake inalingana na mbuzi.

Noah_Nyeusi

Nishawahi kumpakia huyo jamaa na rundo lake, alilipia siti mbili.

Flashi_32

Sindano, ulisema utanijibu kuhusu CD pleya.

Sindano_Kaloleni

Usinunue mpya za plastiki zenye taa za rangi. Nenda Memorial pale Moshi au Kilombero kwa wauza vifaa vya umeme vya mitumba, tafuta deki ya chuma ya CD peke yake. Beba CD yako mwenyewe ya kujaribia, yenye mkwaruzo kidogo. Ikiruka, omba punguzo, maana mara nyingi ni lenzi chafu, unafuta kwa pamba. Ikikataa kusoma kabisa, ondoka. Unanunua ya nini kwani?

Flashi_32

Nimeisikiliza hiyo Pepea ya mzee kule mtandaoni. Mara nyingi mno. Nataka ya kushika.

BintiNgarenaro

Jamani mshikeni mtu asianguke.

Flashi_32

Mzee Meku shikamoo. Hiyo CD unauza?

Meku_45

Marahaba. Siuzi. Ila njoo Majengo Jumamosi na hiyo deki yako tuijaribu, na upitie Mbuyuni unibebee ndizi mshale.

Kanda_Mbili

Mie nakuja na boksi la kanda.

Noah_Nyeusi

Gari inaondoka Kaloleni saa tatu. Nauli kamili, na atakayegusa redio anashuka Tengeru.